Tupa Yangu na Gia ya Mbele

Kosa litakaloanikwa hapa ni ujuaji. Sisemi ujinga, kwa maana mjinga akiuliza huponywa. Nasema ule ugonjwa wa mtu aliyesoma vitabu vingi, akadhani kila kitu duniani ni kitabu alichokwisha kukisoma. Nimeukemea ugonjwa huo mbele ya vijana kwa miaka mingi, na nimeukemea vizuri, kwa sababu naujua kwa karibu.

Kazi yangu hapa Guangzhou ni kukagua bidhaa kwa niaba ya wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Unguja wasioweza kuja wenyewe. Asubuhi huwa kwenye maduka ya Zhanxi nikikunja soli za viatu. Alasiri huwa Kangle, katika vyumba vya washonaji, nikigeuza mashati ndani nje. Mfukoni mwa koti langu hukaa mkasi mdogo. Shati lenye uzi unaoning'inia halipiti mkononi mwangu: ama naukata, ama narudisha mzigo. Washonaji wakiniona mlangoni huanza kukata nyuzi kabla sijawasalimu, nami kwa muda mrefu niliihesabu hofu ile kuwa ni heshima.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anasomea udaktari wa meno katika chuo kimoja cha mji huu. Ana baiskeli ya mbio, ya matairi membamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Mwaka huu alikuwa akitafuta nafasi katika timu ya chuo. Majaribio yalikuwa Jumamosi asubuhi, na nafasi zilikuwa nne. Mwaka ujao angepelekwa hospitalini kwa mafunzo na asingepata wasaa tena; kwa hiyo ilikuwa Jumamosi ile au basi.

Ijumaa, baada ya swala na chakula, alipita kwangu, barabara ya Huanshi Zhonglu, akiwa na baiskeli na kifurushi. Ndani yake mlikuwa na gia mpya ya mbele, lile duara la meno linalokaa ubavuni mwa mkono wa pedali na kuuvuta mnyororo. Ya zamani meno yake yalikuwa yamelika hadi yakachongoka kama ya papa.

"Haya ni ya kung'oa, mjomba," alisema. "Napita tu kukusalimu, kisha nampelekea yule mama fundi chini ya daraja."

Nilimwambia aketi. Nilimweleza, kwa mifano, kuwa taifa haliendelei ikiwa wasomi wake wanapeleka kila skrubu kwa fundi wa barabarani. Alinisikiliza kwa adabu aliyofunzwa na mama yake, akitazama saa.

"Mjomba umewahi kufunga gia?"

"Mwanangu, kufunga ni kufungua kulikorudishwa nyuma."

"Haya, mjomba. Mimi nipo hapa kama ndugu wa mgonjwa."

Gia ya zamani ilitoka bila taabu. Niliigeuza ile mpya kwenye mwanga wa dirisha, kama nigeuzavyo shati, na papo hapo nikakiona: kijiti cha chuma, kifupi kuliko punje ya mchele, kimechomoza upande wa nje karibu na meno. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya maelekezo. Mimi niwahimizaye vijana kusoma nimeishi hapa miaka kumi na mbili, na Kichina ninachokielewa ni bei, bosi, rudisha na hakuna. Basi nilitazama michoro. Mmoja ulikuwa na mshale mkubwa ulioelekea kwenye kijiti kile kile. Nikahitimisha kuwa kiwanda kinakiri aibu yake.

"Unaona?" nilimwambia. "Uzi umebaki."

"Una uhakika hakina kazi?"

"Nimekagua mashati mengi kuliko siku ulizoishi."

Nilichukua tupa nikakisugua mpaka pakawa laini. Nilitumia karibu nusu saa, nami naungama kuwa ilikuwa nusu saa ya furaha. Kisha niliigeuza gia mpaka maandishi yake yakasomeka sawasawa kwa mtu aliyesimama kando, nikakaza skrubu ya kwanza hadi mwisho, ikafuata ya pili, mpaka zote zikaisha. Kazi ilipendeza sana kwa macho.

Alishuka kuijaribu. Hazikupita dakika kumi akarudi, baiskeli begani, mkono wa baibui umejaa grisi. Alikuwa ameuhamisha mnyororo kutoka gia ndogo kwenda hiyo kubwa ya mbele, kwenye mwinuko. Mnyororo ukarukia nje, ukajipenyeza kati ya gia na mkono wa pedali, ukanasa humo kama kabari. Pedali zilikataa kwenda mbele wala nyuma.

"Mjomba," alisema, akiiegemeza ukutani polepole, "ule uzi ulikuwa unashikilia shati."

Tulishuka sote wawili. Fundi alikuwa mahali pake chini ya daraja la waenda kwa miguu, juu ya kigoda, gia kuukuu zikining'inia nyuma yake kwenye waya. Aliunasua mnyororo kwa bisibisi, akapitisha kidole gumba mahali palipokuwa na kijiti, akauliza swali moja fupi. Mpwa wangu alijibu kwa Kichina bila kunitazama.

"Umemwambiaje?"

"Anauliza nani kakikata. Nimemwambia gia tumeinunua hivi hivi dukani. Tulia tu, mjomba."

Nikatulia. Sitaficha kuwa nilishukuru. Lakini mama yule aliinua simu akampigia muuzaji wa vipuri, na sauti yake ikapanda. Nikasikia neno bosi, kisha rudisha. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, ninayowatupia washonaji wa Kangle kila wiki, na sasa yalikuwa yakimshukia mtu asiye na kosa, kwa ajili ya heshima yangu. Nilitia mkono mfukoni. Tupa ilikuwa humo pamoja na mkasi, bado ina vumbi jeupe la chuma. Nikaiweka mbele yake juu ya kitambaa.

Aliitazama tupa, akaitazama gia, akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. Akasema maneno machache simuni, kwa upole, akaikata. Kisha akasema jingine, na mpwa wangu akajifunika mdomo.

"Tafsiri," nikamwamuru.

"Anauliza kama mashati huwa unayakata na vifungo vyake."

Gia mpya ya kipimo kile hakuwa nayo. Alichagua kuukuu moja kwenye waya, akaonyesha kuwa meno yake yalikuwa bado mapana, kisha akanikabidhi spana. Ndiyo, mimi. Aliniongoza kwa kidole: kijiti kikae nyuma ya mkono wa pedali, ndipo kiuzuie mnyororo usiingie pale. Skrubu ya kwanza nusu mzunguko tu, kisha ile inayoikabili upande wa pili, tena nyingine ng'ambo, kidogo kidogo, zote zikaze pamoja. Nilivyokuwa nimefanya mimi, gia ilikuwa imekaa upande na ikiyumba. Nilipokosea mpangilio alinigonga kifundo cha mkono. Mwisho alipima mnyororo kwa kipimo chake, akakuta haujarefuka, akamweleza mpwa wangu aupanguse kila wiki, kwa sababu mnyororo mchafu hula meno. Daktari wa meno akasema hilo analijua.

Malipo aliyoyataka ni tupa. Aliitia kwenye kopo lake, mbali na mkono wangu.

Jumamosi mpwa wangu alishika nafasi ya nne. Mchana tulikula pilau katika mkahawa wa Huanshi Zhonglu, na mfanyabiashara mmoja wa viatu, mtu wa Dar, akaja mezani kumpongeza. Aliuliza ni fundi gani aliyeifunga baiskeli hata ikashinda. Mimi, ambaye mikono yangu ilikaza kila skrubu, niliweka kijiko chini, nikakaa wima.

Mpwa wangu alimeza kwanza. Kisha akalitaja jina ambalo watu wa kwetu wamempa fundi yule wa chini ya daraja: Mama Grisi.