Shule ya Miche Niliyoitupa

Watu wa rika langu wana wajukuu. Mimi nina watoto: msichana wa miaka saba, mvulana wa minne, na kitinda mimba anayejifunza kutembea kwa kushika suruali yangu. Nilioa mvi zikiwa zimeshaingia, kwa sababu ujana wangu niliumaliza nikitafuta shamba, na shamba huku Manga halipatikani kwa mdomo. Mtu akiniuliza njiani, "Mzee, unapeleka wajukuu wapi?" namwambia hawa ni wangu mimi na mama yao, na asiye na kazi aende akalime.

Kazi yangu ni miche ya avokado. Shule niliacha darasa la pili, lakini kuunganisha mche hakuna mwenye cheti atakayenifundisha. Nakata kijiti cha mti unaozaa vizuri, nakichomeka kwenye shina la mche wa kienyeji, nafunga na nailoni, nangoja. Kikishika, kinachipua. Kisiposhika, natupa. Na mche uliokufa mimi naujua kwa kuutazama tu. Hilo nimelisema mbele ya watu wengi, na sasa naona nililisema sana.

Niliyoitupa ilikuwa rundo nyuma ya choo. Jioni moja binti yangu akatoka shule, akaenda pale, akaja kwangu ameweka mikono nyuma kama mwalimu mkuu.

"Tata, wale umetupa ni wa nani?"

"Ni wa kuni."

"Naomba niwafundishe."

Nikacheka, nikamwambia achukue wote, bora asiguse ile mizima. Akawabeba mmoja mmoja, akawapanga kwa mistari katika jiko letu la zamani, lile lililobaki na paa la mabati na kuta nusu. Shule ikafunguliwa. Mdogo wake akawa kengele: akiguswa begani analia ngo! ngo! ngo! Kitinda mimba akawa mwanafunzi mtoro, maana hakai mahali.

Mimi sikuruhusiwa kuingia. Siku niliyojaribu, mwalimu alisimama mlangoni.

"Mzazi, umeitwa?"

"Sijaitwa."

"Basi ngoja pale nje. Na usiteme mate kwa shule."

Mke wangu alicheka mpaka akaweka chini kikapu cha mboga. "Baba watoto, umefukuzwa shule tena!" Mke wangu hana adabu kwa mambo kama hayo, na ndiyo maana nilimwoa.

Sasa, shule ikiwa imeendelea wiki kadhaa, mama mmoja wa Sironga alikuwa ameagiza miche ishirini. Mashimo ameshachimba, mbolea ameshatia, angekuja kuichukua Ijumaa. Nikamwambia, "Mama, Ijumaa ukikosa miche kwangu, useme mimi si mwanamume." Huwa naongea hivyo. Sijawahi kumwambia mteja arudi kesho. Masomo sina, baba yangu hakuniachia hata jembe. Nilicho nacho ni kwamba nikisema, imekuwa. Nikachagua ishirini iliyo bora, nikaifunga utepe mwekundu, nikaiweka mstari wa mbele.

Jumatano alasiri ikaja mvua ya mawe. Mnaoishi huku mnaijua. Jua linawaka, mara kilima cha pili hakionekani, na unasikia mabati ya jirani yakipigwa kabla ya yako. Nilikimbia na turubai. Turubai likatoboka. Jiwe moja likanipata kwenye upara, nikarudi chini ya paa la nyumba bila kupenda, nikasimama kuangalia miche yangu ikichapwa. Dakika chache tu. Majani yakawa kachumbari. Ukabaki utepe mwekundu umefungwa kwa vijiti.

Na watoto wangu je? Walikuwa kama wako kwa harusi. Msichana amevaa sufuria kichwani, anakinga barafu na beseni. Mvulana anajaza gambuti langu. Kitinda mimba amekaa kizingitini anapiga makofi, kila jiwe likidunda anaona limemdundia yeye. Nikafungua mdomo niwagombeze, na mvulana akaniwekea kipande cha barafu ndani.

"Kula, Tata. Ni tamu."

Nikala. Ungefanya nini? Ilikuwa baridi na ilikuwa na ladha ya gambuti.

"Mbona unalia?"

"Silii. Ni barafu imeyeyuka."

"Imeyeyukia kwa macho?"

Nikamwambia aende akachote nyingine. Mimi nilikuwa nafikiria Ijumaa. Nilikuwa nasikia vile yule mama atasema, na vile Magwagwa nzima itasema siku ya soko: yule mzee wa Manga mwenye mdomo, kumbe ni mdomo tu.

Binti yangu akavua sufuria. "Tata, wanafunzi wangu hawajapigwa."

"Wale ni kuni, mama."

"Si kuni. Njoo. Leo nimekuita."

Niliinama nikaingia. Nawaambia ukweli, nilishika ukuta. Kwenye mistari ile, mche baada ya mche, machipukizi madogo mekundu, yale majani ya kwanza ya avokado. Nikakwaruza shina kwa ukucha: kijani. Nikakwaruza jingine: kijani. Mimi ndiye niliyeitupa, kwa mkono huu.

"Uliwapa nini?"

"Maji. Na uji kidogo wakati wa mapumziko. Wenye walikuwa wamelala niliwangoja."

Nikahesabu walioshika. Ishirini. Na mmoja wa pembeni, amepinda kama mlevi, ana kijicho kimoja tu cha kuchipua. Waliobaki bado walikuwa vijiti.

"Mwalimu," nikasema, "nipe hawa ishirini."

"Haiwezekani. Shule haijafungwa."

Ijumaa jioni yule mama akaja na pikapu. Ningeweza kunyamaza, maana mche hausemi ulilala wapi. Lakini nikamwambia yote: ile bora imekufa, hii nilikuwa nimeitupa, aliyeifufua ni huyu mtoto, na ukikataa una haki. Akaingia, akakagua polepole, akakwaruza na ukucha wake.

"Mzee, hii imeshika. Mimi nachukua."

Binti yangu akaziba mlango. "Wana barua ya uhamisho?"

Nilitaka kumwondoa. Yule mama hakucheka hata kidogo. Akanigeukia. "Mzee, anasema kweli. Mtoto hahami shule bila barua. Andika."

Basi mimi, wa darasa la pili, nikapewa daftari na penseli, nikapiga magoti kwenye shule ya mtoto wangu. Herufi zangu ni kubwa, hazikai kwa mstari. Niliandika: WATOTO HAWA WANAHAMIA SIRONGA. WANA TABIA NZURI. MIMI BABA YAO. Mwalimu akaisoma kwa kidole.

"Haina muhuri."

Kengele yetu ikachovya kidole gumba kwenye tope, ikagonga karatasi, pa! Mlango ukafunguliwa.

Alipofikia yule aliyepinda, yule mama akanyoosha mkono amwongeze.

"Huyo hapana," mwalimu akasema. "Huyo atarudia darasa."

Jumapili kanisani watu walisimama kushukuru, huyu kwa ng'ombe, huyu kwa kazi. Nikasimama nikashukuru kwa mvua ya mawe. Mke wangu akanivuta koti: "Keti, watasema umeharibika." Sikuketi mpaka nikataja watoto wote watatu, mkubwa hadi mdogo, na yeye mwenyewe, pamoja na kicheko chake.

Yule aliyepinda bado yuko darasani. Jioni nikisikia ngo! ngo! ngo! natoka shambani, nampelekea kikombe cha uji, kidogo. Siku hizi naruhusiwa kuingia, bora nivue gambuti.