Chupa ya Tatu Mezani

Pale kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Jicho, basi. Hata karani, mtu asiyecheka na yeyote, alimwita hivyo mbele za watu. Kazi yake ilikuwa kukaa. Alipowaambia hivyo wakwe zake walidhani anajidharau, lakini ndivyo ilivyokuwa: kukaa kwenye stuli ya chuma mbele ya ubao wa taa nyeupe, na kutazama chupa zikipita kwenye mkanda kutwa nzima. Chupa nzima aliiacha iende zake. Yenye ufa, yenye povu shingoni au yenye kitako kilichopinda aliing'oa na kuitupa kwenye pipa. Mbaya kuliko zote ilikuwa ile yenye uzi, unywele wa kioo uliovutika ndani ya chupa kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Unywele huo ukikatika, humwingia mnywaji kooni. Jicho alikuwa ameutafuta kwa miaka ishirini na sita.

Miaka yote hiyo haiwezi kumwacha mtu kama ilivyomkuta. Nyumbani hakunywa maji kabla ya kuinua glasi kuelekea dirishani. Siku wakwe walipokuja kumposa binti yake, aliichukua glasi ya mjomba wa kijana kutoka mkononi mwake, akaizungusha mara mbili kwenye mwanga, akasema, "Hii haifai," akaenda kuimwaga. Mkewe alitamani ardhi ipasuke immeze. Mpaka leo mjomba yule akifika pale hunywa chai kwenye kikombe cha bati, na hukiomba mwenyewe.

Kwenye mkanda walikaa wawili. Mwenzake alikuwa Mama Pacha, mwanamke mpole wa maneno machache, ambaye mapacha wake walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima wenye watoto wao. Mmoja alikaa kiti cha kwanza, mwingine hatua tatu mbele, kuokota kilichompita mwenzake. Kila nusu saa walibadilishana viti, kwa sababu jicho likitazama kitu kimoja kwa muda mrefu hulala huku liko wazi. Msimamizi alilijua hilo vizuri. Kila zamu alichomeka kwenye mkanda chupa za mtego, chupa mbovu zenye doa jekundu chini ya kitako. Doa huwezi kuliona mpaka uiinue chupa. Aliyekaa kiti cha kwanza alitakiwa aikamate na kuiweka kwenye meza yake ndogo iliyo ukutani nyuma ya viti. Ikimpita, ikakamatwa na wa pili na kuwekwa kwenye meza ya huyo, wa kwanza huandikiwa kosa. Jioni msimamizi hupita mezani akiokota madoa yake na kuandika.

Jicho hakuwahi kuandikiwa kosa hata moja. Wengine walikuwa na nyumba za kupangisha au mashamba, yeye alikuwa na hilo.

Jumatatu tangazo likabandikwa mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo. Mashine ya kukagua chupa inakuja. Anayetaka kuondoka kwa hiari achukue fomu, aijaze, aipeleke kwa karani kabla ya Ijumaa saa sita mchana, naye atapewa kiinua mgongo kinono kuliko kile cha kawaida. Watakaobaki watapimwa macho wiki inayofuata, na atakayeshindwa ataondoka na haki zake za kisheria tu, yaani nauli na kwaheri.

Watu walichukua fomu kama mtu anavyochukua dawa asiyoipenda. Jicho naye alichukua yake, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni bila kuisoma. Ukweli ni kwamba alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka nao umekwisha. Huu aliamka nao, akaenda nao kazini, akarudi nao. Jioni macho yalimwasha kama yametiwa pilipili, na taa za barabarani alikuwa anaziona zimevaa duara. Hayo hakumwambia mtu. Mficha maradhi kilio humuumbua, na yeye msemo huo aliwahi kuwaambia wengine mara nyingi sana.

Jumatano jioni mkewe alimwekea chakula na maji, akakaa mkabala naye. Alikuwa fundi cherehani, mwenye mazoea ya kusema jambo mara moja na kulikata.

"Saini hiyo karatasi, baba watoto."

"Nisaini nikae hapa nifanye nini? Nihesabu mijusi?"

"Upumzike."

"Nitapumzika nikifa. Waache wanipime. Mimi ndiye ninayepaswa kuwapima wao."

Mkewe hakubishana. Alingoja mpaka akanywa maji yote na kuiweka glasi chini, kisha akaichukua, akaigeuza na kupitisha ukucha ukingoni.

"Hii ina ufa tangu mvua zilipoanza," alisema. "Nimekuwa nangoja useme. Ungeniona mwaka jana nimekuletea glasi ya ufa, ungeiamsha nyumba nzima."

Jicho aliitazama glasi. Hakuona kitu. Akaipeleka dirishani, akaigeuza mara mbili, tatu, ndipo akauona, mstari mfupi uliotoka ukingoni kushuka chini. Aliirudisha mezani. Alitaka kusema mwanga wa jioni ni hafifu, lakini mwanga ulikuwa uleule wa siku zote.

"Glasi siyo chupa," alisema hatimaye, akaenda kuoga.

Alhamisi alikwenda kazini amepiga moyo konde. Kama ni macho, basi atayaonyesha. Zamu nzima hakupiga soga, hakunyoosha mgongo, hata chai hakwenda kunywa. Kwenye kiti cha kwanza aling'oa mtego wa ufa asubuhi, na mwingine wa povu baada ya chakula. Kila mara alisimama, akaiweka chupa mezani mwenyewe, akahesabu. Moja. Mbili. Alijiona yuko vilevile, na kwa muda mfupi alifurahi kweli.

Kengele ilipolia aligeuka kwenye meza yake. Zilikuwa tatu.

Alisimama pale huku wenzake wakivua glavu na kusukumana kuelekea mlangoni. Aliiinua ile ya tatu. Doa jekundu lilikuwepo. Akaielekeza kwenye taa, akaitazama mpaka machozi yakamtoka, ndipo akauona uzi, mwembamba, umelala ndani kutoka ubavu hadi ubavu. Msimamizi alifika, akaziokota zote tatu.

"Tatu kwa tatu," alisema, akaandika. "Hii mashine yao sijui itakuweza vipi, Jicho."

Siku zote angejibu kwa utani. Safari hii aliitikia kwa kichwa tu. Alikuwa anajaribu kukumbuka ni mara ngapi mwaka huu alifika jioni akakuta mezani chupa asiyoikumbuka, akajiambia amesahau, uzee huo.

Ijumaa, wakati wa chai, alimkuta Mama Pacha amekaa juu ya kreti nyuma ya bohari, ameegemea ukuta, viatu amevivua. Jicho hakukaa.

"Ile yenye uzi jana," alisema. "Uliiweka wewe."

Mama Pacha alipuliza chai yake. "Niliiweka."

"Ni mara ya kwanza?"

"Ya saba."

Hasira ilimpanda Jicho, na kwa kuwa haikuwa na pa kwenda, ikamwangukia yeye aliyemtendea wema. "Na hukuniambia. Miezi yote hii unanifanya mtoto."

"Ningekuambiaje, kaka? Wewe ni Jicho. Ningeanzia wapi?"

"Ungeniambia sioni."

"Haya. Huoni." Alisema bila ukali, akaweka kikombe chini. "Na zile zisizo na doa pia nimekuwa nazing'oa nyuma yako. Nyingi. Usiulize idadi, sikuhesabu. Nilikuwa natazama kwa macho ya watu wawili, kaka, na mimi mwenyewe nimechoka."

Hapo hasira ikamwishia. Aliwaza unywele wa kioo, na koo la mtu asiyemjua, mahali asipopajua, anayekunywa soda kwenye kivuli. Miaka ishirini na sita alikaa pale kwa ajili ya mtu huyo, na mwisho wake aliyemlinda alikuwa Mama Pacha. Aibu ilimshika, akakaa kwenye kreti kando yake.

"Saa ngapi sasa?" aliuliza.

"Tano na nusu."

"Twende, basi, unisindikize."

Ofisini kwa karani kulikuwa na feni isiyozunguka na kalamu moja iliyofungwa kwa kamba. Jicho alitoa fomu, akaikunjua mikunjo yake minne, akailaza mezani. Mistari ilikuwa hafifu, ya kijivu, na maandishi madogo kama wadudu. Karani alimjazia nafasi za juu, akamrudishia, akasema, "Saini hapo chini." Jicho aliinama. Akainama zaidi. Chini palikuwa peupe tu. Karani alianza kuinua kichwa, na Jicho akajua kwamba sasa atauliza.

Mama Pacha alisogea, akaweka ukucha wa kidole chake juu ya karatasi, bila kumtazama mtu.

"Hapa," alisema.

Jicho alitia sahihi mbele ya kidole hicho. Karani alipiga muhuri, akaivuta karatasi.

Kisha Mama Pacha akaingiza mkono mfukoni mwa ovaroli yake na kutoa fomu nyingine. Ilikuwa imelegea kwenye mikunjo na kuingia jasho, kama karatasi iliyotembea na mtu siku nyingi. Ilikuwa imejazwa yote, na sahihi ipo. Karani aliisoma, akakunja uso.

"Hii ina tarehe ya Jumatatu, mama. Leo Ijumaa, imebaki dakika ishirini tu tufunge. Ulikuwa wapi nayo siku zote hizi?"

"Nilikuwa namsubiri mwenzangu," alisema Mama Pacha.

Jicho alimgeukia. Nje kengele ya kurudi kazini ililia, na zamu yao ilikuwa haijaisha, kwa hiyo walirudi kwenye mkanda, na yeye akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha pili, akamwachia kile cha kwanza.