Kamera ya Kuchagulia Plamsi

Mimi ni mbishi, na ubishi huo uliwahi kunipeleka Dar es Salaam kununua jicho. Hivyo ndivyo shangazi yangu alivyowaambia watu: "Amekwenda kuninunulia jicho." Nilimsahihisha mara kumi kwamba ni kamera, tena ni ya mashine, na mara kumi akanijibu, "Haya, kamera." Kesho yake nasikia tena ni jicho.

Wakati huo nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na televisheni pale Lushoto mjini. Biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa, maduka ya Kariakoo yamefurika vifaa kutoka Dubai na Uchina, na vitu ambavyo chuoni tuliviona kwenye picha tu, sasa ungeweza kuvitia mfukoni na kupanda navyo basi. Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, alikuwa mchaguaji mkuu wa kikundi cha wakulima wa matunda kule Malindi, ile ya milimani huko huko Lushoto. Msimu wa plamsi ukifika, matenga yote yalipita mezani kwake. Tunda la kusafiri kulia, la kuliwa leo kushoto, bovu chini. Mikono ilikwenda kasi huku mdomo ukisimulia habari za kijiji kizima, na boksi alilolifunga yeye halikukaguliwa na mtu mwingine.

Halafu macho yakaanza kuingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, hajakomaa, asubiri. Ulaini wa tunda aliujua kwa vidole, lakini tundu la funza halizidi ncha ya sindano, na doa la kuoza huanza kabla tunda halijalainika. Mabovu yakawa yanapenya. Mnunuzi wa Dar akalalamika mara mbili. Mwenyekiti wa kikundi, mtu mwema kabisa, akaja kibandani kwangu akijikuna kichwa: msimu ukichanganya wangemwomba mama aiache meza ile apumzike, labda asimamie chai.

Asimamie chai! Nilikasirika mpaka nikaunguza waya niliokuwa nao mkononi. Shangazi yangu alimzika mume, akalea watoto sita, akawaoza wote, na muda wote huo meza ile ilikuwa yake. Ukimwondoa hapo ukampa birika, umemmaliza. Nikamwambia mwenyekiti anipe wiki tatu, nitatengeneza mashine ya kumsaidia.

Mashine yenyewe ilikuwa mkanda unaovutwa na mota ya cherehani, kamera juu yake, kompyuta ya mtumba ya kuikagua picha, na mkono wa bati wa kulisukuma tunda bovu lidondoke. Nilipowaambia wanakikundi kwamba hiyo ni roboti walicheka, maana walitarajia kitu chenye miguu.

Kazi kubwa ilikuwa kuchagua kamera. Nilirudi kutoka Dar na tatu, zote ndogo, saketi tupu zisizo na kasha. Ya kwanza ilikuwa na picha kali kuliko zote, lakini lenzi yake ilitaka kitu kiwe mbali; ukiisogeza karibu na tunda inaona wingu. Ya pili, isiyozidi kibiriti, ilikuwa ya picha nyeusi na nyeupe. Ilitosheka na mwanga kidogo, na kitu kikipita mbio mbele yake picha haikuvurugika. Ya tatu ilikuwa ya rangi na yenye madeko mengi: bila taa kali kila kitu kinakuwa cha kahawia, na mkanda ukikimbia kila tunda linaota mkia.

Nilizijaribu siku nne, nikitumia plamsi za sokoni. Shangazi alikuja kukaa nami kibandani, akiwa na thermos yake na maoni yake.

"Chukua ile ya rangi," alisema.

"Shangazi, kompyuta haina haja na rangi. Inatafuta doa jeusi na doa jeupe, basi."

"Plamsi bila rangi utaijuaje?"

Nikamweleza mambo ya mwanga na kasi kwa maneno mengi ya chuoni. Aliniacha nimalize, akajimiminia chai. Nikafunga ile nyeusi na nyeupe, nikajiona fundi kweli kweli.

Siku ya majaribio banda la Malindi lilijaa watu. Jenereta likawashwa, shangazi akasema bismillahi, mwenyekiti akamwaga tenga la kwanza. Mkono wa bati ukasukuma plamsi ya kwanza chini. Ukasukuma ya pili. Ukasukuma ya tatu, ya nne, ya kumi, bila huruma, mpaka tenga zima likawa sakafuni na boksi la matunda mazuri halina kitu. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Shangazi peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika ncha ya meza yake ya zamani, iliyosogezwa pembeni kuipisha mashine, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Niliokota tunda moja. Liling'aa. Plamsi ikitoka mtini huwa na ungaunga mweupe juu yake, nao ndio unaoilinda safarini. Hii ilikuwa imesuguliwa. Nikainusa: mafuta ya kupikia.

"Nani amepaka mafuta?"

Akina mama wakatazamana. Mmoja akajibu, bila kuona kosa lolote, "Si tuliambiwa mashine ina jicho, itayatazama matunda yetu? Sasa tuyalete na vumbi lake, kama hatuna adabu?"

Walikuwa wamekesha kuyang'arisha, moja moja, kwa pindo la kanga, kama wanavyofanya tunda la kumpa mgeni. Kila tunda lilirudisha mwanga wa taa kama kioo, na kompyuta yangu ikahesabu kila mng'ao kuwa ni doa. Kukaribisha mgeni kwa adabu si kosa, hata mgeni akiwa ni saketi.

Nikajaribu kuokoa siku. Nikang'oa ile kamera, nikafunga ya rangi, nikaongeza taa, nikapunguza kasi ya mkanda mpaka ukatambaa. Kamera niliiunganisha na televisheni kubwa niliyokuja nayo ili watu wote waone. Plamsi moja ikajaa kioo kizima, nyekundu, kubwa kuliko kichwa cha mtu. Nilikuwa nimeinama kwenye kompyuta nikirekebisha hesabu zangu, nikasikia sauti ya shangazi.

"Hayo ni mafuta, si ugonjwa. Pitisha."

Nikageuka. Alikuwa amesimama mbele ya televisheni, pua karibu iguse kioo.

"Hili pia mafuta. Hili... simamisha. Hili lina tundu, pale karibu na kikonyo. Toa."

Mwenyekiti akalichukua, akalipasua. Funza alikuwemo.

Nikaizima kompyuta. Nilikuwa na kitufe cha kengele ya mlango kwenye mkoba wangu; nikakiunganisha na mkono wa bati, nikamkabidhi shangazi, nikamvutia kiti. Akaanza kubonyeza. Siku nne nilikuwa nimezipima kamera zile kwa ajili ya mashine, na sikujiuliza hata mara moja shangazi angeona nini kupitia kwazo. Matenga yale yaliyopakwa mafuta hayangefika Dar, tuliyala wenyewe, lakini alipomaliza mwenyekiti alipasua plamsi ishirini kutoka boksi la matunda mazuri na hakupata hata moja bovu.

"Mama," akasema, "kesho saa mbili tutakuwa na matenga mengine."

"Saa moja," shangazi akamjibu. "Na yasipakwe chochote."

Tunda moja la mwisho lilikuwa limenasa kwenye mkanda. Nikaingiza mkono chini ya kamera kulitoa, na mkono wangu ukajaa kwenye televisheni, pamoja na alama zake nyeusi za kuungua na chuma cha kulehemu, kutoka kidole hadi kidole.

"Mkono wa nani huo?" akauliza.

"Wangu, shangazi."

Akanikamata mkono wenyewe, akaupapasa taratibu. "Miaka miwili unanishika mkono kunivusha barabara," akasema, "na mimi sijui kama unaungua."