Mwenyewe Aliye Kifuani Mwangu

Usiniambie nimeota. Ilikuwa saa saba mchana, nimeshiba, na ndoo ya unga wa muhogo iko kichwani. Mimi darasani hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni siwezi, sasa uongo mkubwa hivi ningeutoa wapi?

Kwanza ujue nina kifafa. Mwaka jana madaktari walinipandikizia kifaa chini ya ngozi ya kifua, kidogo kama kiberiti, na waya wake umepanda hadi kwenye mshipa wa fahamu shingoni. Kinausikiliza moyo. Ukianza kwenda mbio ghafla, kinajua huenda kifafa kinakaribia, basi kinatuma umeme kidogo kukizuia. Hauumi, ila kwa nusu dakika sauti yangu inakuwa nzito, inakwaruza kama ya mzee mvuta tumbaku. Shuleni waliicheka sana. Nikaacha kuongea.

Siku hiyo natoka Likombe kwa Bi Somoe, anayetuuzia unga, nikakatiza kwenye mikorosho. Majani makavu yametanda chini, kila nikikanyaga, kwacha, kwacha. Mbele akatokea mwanamke, kanga mpya, anatabasamu. Nilimwona akikanyaga majani yale yale. Hayakulia. Niamini, hata moja.

"Binti mzuri wewe! Twende kwangu, ni hapo tu."

Akanishika mkono. Baridi kama samaki wa kwenye barafu. Ungekuwa wewe ungekataa? Mimi mkubwa akisema twende, naenda. Nikamfuata, njia nimeiacha nyuma, mikorosho inazidi kusongamana.

"Ninao mabinti wengi," akasema. "Wote wapole kama wewe. Hawasemi kitu."

Hapo moyo ukatimka. Nikasikia kitekenyo shingoni. Nikafungua mdomo nipige kelele, lakini aibu yangu mimi! Kilichotoka ni, "Shikamoo."

Kwa sauti ya yule mzee.

Akaniachia kama aliyeungua. Akapiga magoti, akauliza vile watu wazima wanavyomuuliza pepo aliyempanda mtu: "Nani humo? Unataka nini, mzee wangu?"

Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza ninachotaka kwa heshima ile.

"Nataka kwenda nyumbani," nikakoroma. "Sasa hivi. Na usinifuate!"

"Nisamehe mzee. Sikujua huyu ana mwenyewe."

Akarudi kinyumenyume mpaka akapotea. Majani kimya. Mimi nikakimbia nikiyapigisha kelele kwa niaba yetu wote wawili.

Mama ni mwalimu, haamini vitu hivi. "Ulianguka kifafa wewe, ukaota." Lakini kliniki daktari akasoma kumbukumbu za kifaa kwenye kompyuta: saa saba ile moyo ulipaa, kikafanya kazi, na mwili ulikuwa wima mwanzo hadi mwisho. Maana kinajua pia kama nimesimama au nimelala.

"Hakuanguka huyu," akasema daktari.

Siku hizi unga Mama anaufuata mwenyewe, asubuhi, tena kwa bodaboda.

Pale aliponishika, hadi leo nikiamka pana baridi. Lakini darasani nanyoosha mkono huo huo. Sauti ikitaka kukwaruza, ikwaruze.

Na wewe unayependa kukatiza mikorosho saa saba, sikiliza majani. Mimi ninaye mwenyewe kifuani. Wewe, ukishikwa mkono, nani atakusemea?