Jumamosi Tuliyomwacha Benaco

Tulipotengana mimi na mume wangu, katekista alituketisha kwenye benchi la kigango akatupangia. Shule zikifunguliwa binti yetu akae kwangu Kanazi, zikifungwa aende kwa baba yake Lusahunga, alikokuwa ameshafungua hoteli ya wali maharage kwa madereva wa malori. "Mleeni pamoja," alisema, "hata kama hamkai pamoja." Tukaitikia wote wawili kama watu wazima. Waongo wakubwa sisi.

Tulikuwa tukipokezana mtoto Benaco, kando ya barabara. Wakimbizi waliovuka mpaka kukimbia mauaji ya kwao walishajaa pale, vilima vyote ni maturubai. Yule bwana hanisalimu, na mimi simsalimu. Nikiwa na neno namtuma mtoto, naye kasimama katikati yetu.

"Mwambie baba yako viatu alivyokununulia hata punda havai."

Mtoto anageuka, anasema.

"Mwambie mama yako roho yake mbaya ndiyo iliyomwondoa kwangu."

Anageuka tena, anasema. Alikuwa na miaka tisa na hakukosea hata neno moja. Mimi nilikuwa nafurahi, nasema kweli. Nilikuwa nikipalilia maharage huku natunga la likizo ijayo.

Jumamosi ya kuanza likizo ya Juni nilimfikisha mapema makusudi. Nilitaka baba yake achelewe, watu wa soko wamwone mtoto yuko peke yake, wamseme baba mtu mpaka akome. Nikamkalisha kwenye jiwe karibu na vibanda, nikampa muhogo wa kuchoma.

"Baba yako anakuja. Usiondoke hapo."

"Asipokuja je, mama?"

"Basi ndiyo utajua baba uliye naye."

Nikaenda zangu, wala sikugeuka.

Kumbe naye siku hiyo kaapa haji! Alitaka nisubiri juani mpaka nikome, kisha nirudi na mtoto nyumbani nimenuna. Wiki nne nzima nikala, nikalala, nikacheka na majirani, najua mtoto yuko Lusahunga. Yeye akauza wali wake, anajua mtoto yuko Kanazi. Hakuna aliyeuliza. Kuuliza ilikuwa ni kushindwa.

Siku ya kumpokea nilisubiri Benaco hadi saa nane, sikuona mtu. Nikadandia lori hadi Lusahunga, matusi yamenijaa mdomoni. Nikamkuta baba yake anaosha mchele.

"Mtoto yuko wapi?" Mwaka wa pili huo sijamsemesha.

"Si unaye wewe?"

Mchele wote ukamwagika chini. Mungu wangu!

Tulirudi Benaco kwenye lori moja, tumebanana. Mama mmoja muuza ndizi alimkumbuka. Alisema mtoto alikaa juu ya jiwe lile mpaka jua likaanza kushuka, kisha akafuatana na watoto wa kambini waliokuwa wakiteka maji. Tukaelekezwa kwenye mahema ya watoto waliopoteza wazazi. Kihangaza chetu na lugha yao zinasikilizana, nani angemshuku?

Tulimkuta kwenye foleni ya uji, kashika bakuli, kavaa sweta linalomfika magotini. Alikuwa amenenepa. Kwangu hajawahi kunenepa. Dada aliyewasimamia akamwita, akamuuliza kama anatujua.

Mtoto akatutazama, mimi kwanza, halafu baba yake.

"Shikamooni," akasema, kisha akamgeukia dada yule. "Siwajui."

Nikapiga mayowe. Nikasema huyu nimemzaa mimi, nimemnyonyesha mimi, mwulizeni katekista aliyembatiza! Watoto wote wakageuka kunitazama. Wangu akasogea nyuma ya dada yule akamshika sketi.

Dada akafungua daftari bila haraka. "Mbona hapa alisema wazazi wake wamekufa wote wawili?"

"Wamekufaje?" baba yake akauliza.

Dada alifunika daftari, hakutaka kusoma. Mtoto ndiye aliyejibu, kwa ile sauti yake ya kufikisha salamu.

"Waliuana."