Nukta Tisa za Ukurasa wa Saba

Pale kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Kifutio, tena mbele ya uso wake, naye akaitika bila kununa. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa kwenye meza moja, ile yenye kioo juu na taa chini, wembe mkononi, kazi yake kuhakikisha hakuna doa linalopita kwenda kuchapwa. Alama ya kidole, unywele, wino uliodondoka, vyote viliishia hapo kwake. Mumewe alikuwa na utani kwamba nyumbani mwao ukichelewa kumaliza chakula, unakuta sahani imeshaoshwa. Na kitu kimoja alijivunia kuliko vyote: katika miaka hiyo hakuwahi kumwuliza mteja swali. Doa ni doa, alisema. Ukimwuliza mtu habari ya doa lake, unamwaibisha bure.

Kwa hiyo Jumatatu, mjomba wake alipoleta karatasi zake saba, Kifutio hakuuliza.

Mjomba huyo ndiye aliyemlea, yeye na mkewe, tangu Kifutio ana miaka minne. Alikuwa mchora mabango, na nusu ya maduka ya mjini bado yana herufi za mkono wake. Kisha jicho la kushoto likafa, mkono ukaanza kutetemeka, na mwaka mmoja baadaye mkewe naye akafariki. Kila mtu alidhani mzee atakaa barazani asubiri chai. Badala yake alijifungia chumbani akaanza kuchora muziki. Si ule wa mistari mitano na noti zenye mikia, huo hakuwahi kuusoma. Yeye alichora mstari mnene kama barabara, na huo ukawa ngoma. Mstari mwembamba unaozurura ukawa fidla. Kivuli kilichopakwa kwa kitambaa kikawa filimbi. Alichora kwenye zile karatasi kubwa zinazopitisha mwanga, za wachora ramani. Ilimchukua miaka miwili. Watu wakamcheka, na sitawataja, maana wengine ni ndugu. Lakini walitokea wapigaji wanne wakasema wataupiga, Jumapili, katika ukumbi, karatasi zenyewe zikiwa zimetundikwa kwenye kamba na taa nyuma yake, na wasikilizaji wakipewa nakala zilizochapwa.

Kifutio alipozitandaza juu ya kioo aliiona mistari, aliviona vivuli, halafu akaziona nukta. Zilikuwa mamia, kubwa na ndogo, zimetapakaa kila mahali. Roho ikamwuma. Akilini aliuona ule mkono wa mjomba ukitetemeka, kalamu ikidondosha, mzee na jicho lake moja asione. Akawaona na watu Jumapili wakimnyooshea mzee vidole. Basi akashika wembe. Jumanne na Jumatano nzima alikwangua, nukta moja baada ya nyingine, taratibu, karatasi isitoboke. Sijui kama kuna mtu amewahi kuharibu kazi ya mwenzake kwa mapenzi makubwa namna ile.

Alhamisi asubuhi akaja mpiga marimba, bwana mnene mwenye miwani, kutazama nakala ya majaribio. Aliigeuza, akaitazama tena, kisha akamwuliza bosi wa kiwanda sehemu yake iko wapi. Bosi akamwuliza sehemu gani. Yule bwana akaeleza kwa upole kwamba marimba ndizo nukta: ikiwa juu, sauti inakuwa juu, ikiwa kubwa, anapiga kwa nguvu, na bila nukta yeye Jumapili atasimama pale kama mlinzi wa mlango.

Kifutio alisikia mdomo wake mwenyewe ukisema kwamba kazi haijakwisha, nukta zinachapwa mwisho, arudi Jumamosi. Bosi alimtazama kwa mshangao, maana hilo halikuwapo katika uchapaji wowote anaoujua, lakini simu ikalia akaenda.

Sasa mtazame alivyobanwa. Nakala nyingine haikuwapo, picha haikuwapo, na kichwa cha mjomba kisingeweza kuchora upya miaka miwili kwa siku mbili. Kilichobaki ni karatasi zenyewe. Akazima taa ya chini, akachukua taa ya mkononi akaimulika kutoka pembeni, karibu na karatasi kabisa. Hapo akaona. Kila mahali alipokwangua palikuwa na kijimkwaruzo, ngozi ya karatasi imesimama kidogo, kipana palipokuwa na nukta kubwa, chembamba palipokuwa na ndogo. Wembe ulikuwa umemwachia njia ya kurudi.

Akaanza kazi. Kila mkwaruzo aliusugua kwa mgongo wa kijiko hadi ukalainika, wino usije ukasambaa, kisha akatia nukta kwa kalamu ya ncha nyembamba. Bosi akipita, anafunika kwa rula ndefu. Kijasho chembamba kilimtoka siku ile, na mabega yakakakamaa. Hadi saa ya kufunga alikuwa amemaliza karatasi tatu.

Ijumaa kabla ya kazi alimpitia mjomba, kama kawaida yake, akampikia chai. Mzee alikuwa amekaa dirishani. Waliamkiana, kisha mzee akauliza kama karatasi zake ziko salama. Kifutio akajibu ziko salama.

"Unajua, mwanangu," mjomba akasema, "kila nukta pale niliisikia kwanza. Nilikaa hapa hapa. Bomba la jirani likidondosha, naweka. Fundi bati akigonga, naweka."

"Na mkono, mjomba? Ukitetemeka je?"

"Nasubiri utulie. Miaka miwili sijadondosha tone la bahati mbaya. Hata moja."

Maneno yale yalimchoma, lakini, niseme ukweli, yalimpa na ahueni. Kama mzee hakudondosha hata tone, basi kila nukta ilikuwa yake, na kila mkwaruzo urudishiwe nukta. Hapakuwa na la kuuliza. Alimwosha mjomba kikombe kabla hajamaliza chai, akaondoka mbio.

Ila palikuwa na kitu kimoja, na mkono wake ulikijua. Ukurasa wa saba ulikuwa karibu mtupu: hauna mstari, hauna kivuli, ulikuwa na nukta tisa tu zilizotawanyika upande wa chini. Jumatano alipozikwangua zile tisa hazikumsumbua. Wino huuma karatasi, unautoa kwa nguvu; hizi ziliruka kwa kuguswa tu, na mikwaruzo yake ilikuwa hafifu, ilibidi aitafute. Ijumaa jioni, saa ya kufunga ikikaribia, alishika kalamu juu ya ukurasa ule akasita. Nyumba ya mjomba ilikuwa mitaa miwili kutoka hapo. Ingemchukua dakika kumi kwenda kuuliza. Lakini kuuliza ni kusema alichofanya, na kusema alichofanya ni kusema alichofikiri. Nukta tisa tu, akajiambia, kati ya mia nne na kitu. Akazitia zote tisa.

Jumamosi mchana wapigaji walikutana ukumbini kufanya mazoezi ya mwisho. Viti vilikuwa vitupu, isipokuwa cha mbele alichokaa mjomba na kofia yake, na cha nyuma yake alichokaa Kifutio, roho juu. Karatasi saba zilining'inia kwenye kamba, zinang'aa. Wapigaji wakasimama mbele ya ya kwanza, wakaanza.

Hakuusikia muziki, masikini. Alisikia marimba tu. Kila pigo lilipotoka alimtazama mjomba shingo, kuona kama itakaza. Haikukaza. Hadi ukurasa wa pili vidole vya mzee vilikuwa vinagonga goti, pigo kwa pigo, mbele kidogo ya marimba, kama mtu anayesikia bomba lake na fundi bati wake. Ukurasa wa nne aliguna kwa raha. Wa sita ulipokwisha Kifutio aliegemea kiti kwa mara ya kwanza. Karibu atabasamu.

Wapigaji wakasogea kwenye wa saba. Mjomba akavua kofia. Akaiweka mapajani, akainamisha kichwa, akafumba lile jicho moja.

Kifutio akaelewa kabla ya kuambiwa. Mpiga marimba aliinua fimbo yake akapiga, ndo, mara moja. Jicho la mjomba likafumbuka. Akapiga tena. Mzee alishika kofia yake kwa mikono miwili na kuikunja, na mikono ilikuwa inatetemeka.

"Acheni," Kifutio akasema. Alikuwa amesimama. "Acheni kupiga. Hizo si zake."

Wote wakageuka. Akasimulia yote palepale, wembe, mikwaruzo, kijiko, uongo wa Alhamisi, bila kujitetea. Bwana wa marimba alikuwa anatazama viatu vyake.

"Hizo tisa zilikuwa uchafu wa nzi," mjomba akasema hatimaye. "Karatasi hiyo ilikaa ukutani mwaka mzima. Sikuandika kitu hapo. Ni ile asubuhi aliyofariki mama yako." Alimaanisha mkewe, aliyemlea Kifutio, hakuna mwingine waliyemwita hivyo. "Nilikaa dirishani nikangoja nisikie kitu. Sikusikia kitu."

Kifutio akajifuta uso kwa kiganja.

"Nilikuwa mitaa miwili tu kutoka kwako," mjomba akasema. "Kwa nini hukuniuliza?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, kuliko yote aliyokwisha kuyasema.

"Ungejua nilidhani mkono wako umekwisha, mjomba."

Mzee alikaa na neno hilo. Lilimwuma, mtu yeyote angeona. Alilikunja pamoja na kofia, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akainuka kwa fimbo yake, akaenda hadi kwenye karatasi ya saba, akasimama kando yake.

"Wembe unao?"

Alikuwa nao. Miaka ishirini na miwili hakuwahi kutoka nyumbani bila huo, ndani ya kibweta cha miwani.

"Njoo."

Kifutio akaenda. Safari hii nukta zilikuwa za wino wa kweli, zimeuma karatasi, na zilihitaji nguvu. Akaweka kiganja kimoja nyuma ya karatasi iliyotundikwa, akakwangua ya kwanza. Ukumbini hapakusikika kitu isipokuwa wembe. Ya pili. Ya tatu. Wapigaji wanne walisimama na ala zao wakimtazama. Machozi yakaanza kumjaa na taa ya nyuma ikawa inamchezea machoni, lakini akajikaza, akafika ya nane.

Alipoupeleka wembe kwenye ya tisa, mjomba akaweka mkono wake juu ya mkono wake, akauzuia.

"Unatetemeka," akamwambia. "Subiri utulie."

Akasubiri. Na wapigaji wakasubiri pamoja naye.