Mkono wa Kushoto Siku ya Usaili

Mwalimu wangu aliniambia nijiandae kuulizwa mifupa. Kwa hiyo lori liliponichukua kijijini kwetu Titye asubuhi ile kwenda Kasulu, kwenye usaili wa chuo cha waganga wasaidizi, nilikuwa na mifupa yote kichwani, kuanzia fuvu hadi vidole vya miguu. Hakuna aliyeniuliza hata mmoja. Mpaka leo inaniudhi.

Nilichokuwa nakihofia hasa ni mkono wangu. Nimezaliwa mtu wa kushoto, na kwetu kumpa mkubwa kitu kwa kushoto ni kumtukana. Utoto wangu wote mama aliufunga mkono huo kwa kitambaa, wala si kwa ukatili. Aliogopa nitakosa wa kunioa. Siku moja kabla ya usaili jembe lilimkata mguu shambani, nami nikamfunga kidonda kwa kitambaa nikitumia mkono wa kulia, kama alivyotaka. Hata jikoni hajafika, kitambaa kikafunguka.

Hospitalini Kasulu, sisi waombaji tuliitwa mmoja mmoja. Ndani nilimkuta daktari, mgeni aliyehamishiwa kwetu kutoka pwani, na mzee mmoja kwenye benchi, mguu wake una kidonda kikubwa. Daktari hakuuliza kitu. Alinisogezea maji ya chumvi, pamba, kibanio na bandeji.

"Msafishe, umfunge," alisema.

Nilianza kwa mkono wa kulia, kama nilivyolelewa. Kibanio cha pamba kikanicheza, kikamgusa mzee penye nyama mbichi. Akauma meno. Daktari akageukia dirishani, nami nikajua nafasi yangu ndiyo inaondoka.

Nikapiga magoti, nikapiga makofi taratibu kama tunavyowaamkia wakubwa.

"Mzee wangu, unisamehe. Mkono wangu unaojua kazi ni wa kushoto. Nikikugusa nao, si dharau."

Aliutazama ule mkono kwa muda, kama mtu anayekagua mbuzi sokoni.

"Mwana wanje," alisema, akiniita mwanawe kwa lugha ya kwetu, "huo mwingine umeniumiza. Lete huo."

Nilimsafisha, nikamfunga, na bandeji ikakaa. Daktari aliivuta kwa kidole, haikulegea. Akaniuliza swali moja tu: kwa nini nimeomba ruhusa kwa mgonjwa badala ya kuiomba kwake. Nikamjibu kwamba mguu si wake. Nikiwa natoka najilaumu kwa ujeuri huo, sauti yake ikanifuata mlangoni.

"Mwambie mama yako akutafutie sanduku la safari."

Nilifika nyumbani jioni. Mama alikuwa ameketi mkekani, kile kitambaa cha mguuni kimefunguka tena. Nilimsimulia yote, hata habari ya mkono, nikingoja anigombeze. Hakunigombeza. Akaninyooshea mguu.

"Nifunge," alisema. "Kwa huo wa kushoto."